Faida Nne za Mvua

Swali nililitunga mwenyewe, nikajiona fundi: eleza faida nne za mvua nyingi kwa wakulima wa chai wa Rungwe. Faida zenyewe nilikuwa nimeziandika ubaoni wiki moja kabla, na kidato cha pili kizima kikazirudisha vilevile, hadi mkato. Nikasahihisha huku napiga mluzi.

Binti mmoja wa Masukulu akaniharibia raha. Aliandika, kwa Kiingereza cha kuungaunga, kwamba mvua ikizidi, lori la kubeba majani mabichi hukwama kwenye tope, majani yanapata joto ndani ya magunia, na kesho yake yanakataliwa kiwandani. Kisha akauliza faida hizo ni za mkulima yupi. Mimi na hasira zangu za karibu, nikampa sifuri. Alipokuja mezani kuuliza, amepiga goti kidogo kama wanavyolelewa wasichana wa huku, nilimwambia ajifunze kujibu alichoulizwa. Akaitikia, akaondoka.

Jumamosi nilikwenda Ikuti kwa mama yangu. Mvua ilikuwa haijakatika siku ya tatu. Nilimkuta anamwaga majani ya chai migombani, gunia zima, yamekuwa meusi na yananuka. Nikamuuliza kulikoni.

"Lori halijafika tangu juzi, mwanangu. Kwani wewe hukukulia hapa?"

Nilibeba gunia la pili nikamsaidia kumwaga. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama.

Jumatatu nikawapa jaribio fupi, swali lilelile, ili yule binti aandike tena nimpe haki yake. Karatasi yake niliitafuta ya kwanza. Alikuwa ameandika faida zangu nne, kwa mpangilio wangu, na mikato yangu. Nilisoma mara mbili nikilitafuta lori. Halikuwapo.

Nikamwita. Nilimwonyesha karatasi yake ya awali, ile ya lori, sifuri nimeikata na alama zote nimempa, nikamwambia mimi ndiye niliyekosea na ninamwomba radhi.

"Asante, mwalimu. Lakini mtihani wa taifa ukija, niandike ipi?"

Miaka yote niliyofundisha sikuwahi kuulizwa hivyo. Nikaziweka karatasi zote mbili mezani. Halafu akachukua ile ya faida nne, akaikunja ndani ya daftari, na ya lori akaniachia mezani.