Paneli ya Tatu Ukutani kwa Stephano

Kila nyumba aliyoingia, Getrude alibisha mara mbili: mlangoni, kisha ukutani. Watu wa Mbinga walimzoea, wakamwita Mama Mbao ingawa hakuwa na mtoto. Chuo kilikuwa kimemtuma kuchunguza paneli za mbao: zile za zamani, ambazo mafundi wa misheni walizipanga katika kuta za sakristia, na hizi mpya zilizoanza kuonekana katika sebule za wakulima tangu wafanyabiashara binafsi waruhusiwe kununua kahawa. Alipima, akachora, akatega sikio. Paneli nzuri haipigiliwi misumari wala haitiwi gundi. Huachwa huru ndani ya fremu yake, ivimbe na kusinyaa kadiri ya hewa. Kwa hiyo hutoa sauti. Getrude alizipenda sauti hizo, na alizihofia kidogo.

Alizaliwa chini, ufukweni mwa ziwa, upande wa Chiwanda. Baba yake, William, alikuwa mvuvi. Ziwa lilimchukua baba huyo wakati Getrude akiwa bado shule ya msingi, na halikumrudisha. Uliorudi ni mtumbwi tu. Kijijini kwao, mtu ambaye ziwa limebaki naye, mtumbwi wake hupandishwa juu ya mchanga, ukafudikizwa, ukaachwa uoze wenyewe. Hakuna anayeukalia. Hakuna anayeuchanja kuni. Hilo ndilo kaburi lake.

Mama yake, Kunigunda, alilifagia kila Jumamosi kwa miaka, mpaka ule mwaka ambao bei ya kahawa ilipanda. Alilazwa kwa homa, na aliporudi akakuta mchanga mtupu.

"Ni mawimbi, shemeji," alisema Pankras, mdogo wa marehemu, fundi seremala. "Ziwa lilifura. Limekuja kuchukua chake."

Kunigunda hakulia. Aliendelea kufagia palepale. Getrude alipokwenda likizo alimwona akiupindisha ufagio pembeni, kama mtu anayekwepa ubavu wa kitu kilichopo.

Getrude alifika Maguu, juu milimani, msimu wa ukungu. Mzee Stephano, mkulima wa kahawa, alikuwa amemaliza nyumba mpya, na ukuta mzima wa sebule yake ulikuwa wa paneli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayebisha kuta za watu? Pita. Akiitika mtu humo ndani, mwambie na sisi tunataka kulala."

"Zinasumbua?"

"Ukungu ukishuka, hiyo ya tatu inagonga. Mke wangu siku hizi chai anakunywa jikoni. Anasema mimi nimenunua mbao na maneno yake."

Getrude alicheka, akainama, akapitisha kiganja juu ya paneli ya tatu. Kwenye ukingo, randa haikufuta alama za tezo, shoka la kuchongea mitumbwi. Katikati, ufa wa zamani ulikuwa umezibwa kwa kipande cha mpingo, chembamba, cheusi kama jicho la samaki. Kilikuwa kimekaa upande.

Kicheko kikamkauka. Alikijua kipande kile. Alikishika yeye mwenyewe, akiwa mtoto, baba akiinua nyundo juu ya ubavu wa mtumbwi. *Shika hapo, usitikisike.* Alitikisika. Kipande kikaingia upande, na baba akasema basi, iwe hivyo, samaki hawatatuuliza.

"Fundi alikuwa nani, mzee?"

"Pankras, wa huko kwenu ziwani. Nilitaka mbao pana, kavu, na nilizitaka haraka, kabla ya ubatizo wa mjukuu wangu. Akasema anazo, zimekaa juani miaka mingi."

Getrude alishuka hadi kwenye karakana ya Pankras. Hakumsalimu. Alimtajia kipande cha mpingo, basi. Pankras aliweka randa chini na kukaa juu ya maranda.

"Nilijiambia ni mbao tu," alisema. "Mbao nzuri inaoza bure, na mtu anangoja. Tangu siku ile, mwanangu, kila nikipiga randa namsikia kaka akikohoa nyuma yangu. Nikigeuka, hakuna mtu."

"Nitamwambia mama."

"Mwambie. Mimi nimeshindwa."

Alimwambia. Akarudi kwa Stephano kumwomba paneli, na mzee, aliposikia ni nini kilichokuwa ukutani kwake, alikubali. Kisha Getrude akamleta mama yake juu kwa lori la mahindi, na gunia la kufungia ubao.

Kunigunda aliketi kwenye sofa, ufagio wake mapajani, akautazama ukuta. Hakuugusa. Walingoja. Alasiri ukungu ulishuka kutoka milimani, madirisha yakawa meupe, na paneli ya tatu ikagonga. Ikanyamaza. Ikagonga tena.

"Ndivyo alivyokuwa akirudi," alisema Kunigunda. "Kasia kwenye ubavu wa mtumbwi, nijue amefika, nishuke tuvute pamoja."

Getrude akachukua patasi. "Tutaitoa sasa, mama. Mzee ameridhia."

"Nikaiweke wapi? Pale mchangani itakuwa ubao tu. Hapa anagonga." Akamrudishia mwanawe gunia. "Iache."

Stephano alipangusa uso kwa kofia yake. "Sasa mama, mimi ndiye ninayelala humu. Akigonga nifanye nini?"

"Mwitikie. Alikuwa hapendi kungojeshwa."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie nipo."

Kunigunda aliinuka, akafagia chini ya paneli, sakafu ambayo haikuwa na vumbi, akatoka. Getrude alimfuata. Kwenye daftari lake alikuwa amechora ukuta wote. Mahali pa paneli ya tatu alipaacha peupe. Mlangoni aliinua mkono kubisha kwa mazoea, akaushusha.

Nyuma yao paneli ikagonga.

Stephano, peke yake kwenye sofa, alikohoa kidogo kusafisha koo.

"Yupo," alisema. "Ametoka sasa hivi."