Mavuno ya Kijiji cha Bondeni

Moyo ulimwenda mbio bwana shamba tangu asubuhi. Fundi wa kompyuta alikuwa anaunganisha mfumo wa kilimo na ule wa maji, ili ramani zote mbili zionekane pamoja kwenye skrini ya mkuu wa ofisi.

Tangu pikipiki yake ife, miaka sita sasa, bwana shamba alikuwa hajakanyaga shambani kwa mtu. Kila msimu alichukua taarifa ya mwaka uliopita, akaongeza magunia kidogo, akagonga mhuri. Nani angekagua? Kijiji cha bondeni kiliongoza kwa mahindi mwaka hadi mwaka, mpaka akapewa cheti cha mfanyakazi bora, kile pale ukutani. Mkewe alilia kwa furaha.

Ramani ya maji ikafunguka. Bonde zima likageuka buluu.

"Hili ni bwawa," fundi alisema. "Lina miaka minne. Watu walihamishwa wote."



Mkuu aliitazama skrini, akakitazama cheti, kisha akamgeukia bwana shamba bila hasira hata chembe.

"Ndugu yangu, kesho twende ukanionyeshe hayo mahindi. Boti nitatafuta mimi."