Upande Uliokuwa Unagonga

Mume wangu ni fundi wa magari, hasa haya makuukuu ambayo mwenye nayo hajui ayauze au ayazike. Gerejini wanamwita Sikio. Ukimpelekea gari linalogonga mbele, hashiki spana kwanza. Anakaa kiti cha abiria, anafumba macho, anakwambia, "Twende polepole, na mashimo usiyakwepe." Mkirudi atakutajia: bushi imekwisha, au shokabu, au boljointi, kile kifundo cha chuma kinacholishika gurudumu lisitoke nje. Atakutajia na upande. Watu walikuwa wanambishia kwa mzaha tu, wapate kumsikia akijisifu.

Nyumbani ndiko nilikoanza kuona. Nikimwita akiwa amenipa bega la kushoto, haitiki. Akilalia sikio la kulia, mtoto anaweza kulia mpaka akakaukiwa na sauti, yeye kalala kama gogo, na asubuhi ananiambia, "Mama mtoto, mwanao siku hizi mpole kweli." Nikawa nikitaka kumwambia jambo nazunguka kulia kwake kwanza. Yeye hakusema, na mimi sikuuliza. Mtu anaitwa Sikio, utaanzia wapi?

Siku moja nilikuwa nimempelekea chakula gerejini, mtoto mgongoni, mkunga wa zahanati akaingia na pikapu yake. Ni yule yule mama aliyempokea mwanetu.

"Fundi, mbele panagonga," alisema. "Upande wa kushoto. Na usukani unanitetemekea mikononi."

Wakaenda, wakazunguka, wakarudi.

"Boljointi," mume wangu akasema. "Ya kulia."

"Kushoto, mwanangu. Mimi ndiye ninayeliendesha."

"Mama, wewe sikiliza watoto wakilia. Magari niachie mimi."

Gereji nzima ikacheka. Mkunga naye akacheka, lakini kwa mdomo tu. Nilitamani ardhi inimeze. Mume wangu akabadilisha ya kulia, na ya kushoto hakuigusa hata kuitikisa. Mkunga aliporudi kulalamika kwamba bado panagonga, akamjibu kuwa spea mpya huchukua muda kukaa sawa, na barabara zenyewe anazijua.

Kisha asubuhi moja jirani akaja mbio: pikapu ya mkunga imepiga magoti mlangoni mwa zahanati, na ndani alikuwamo mjamzito, uchungu umeshamshika.

Sikumbuki kama nilifunga mlango. Nilipofika, gurudumu la kushoto lilikuwa limelala ubavu kama mguu uliovunjika. Bahati ni kwamba gari lilikuwa linakata kona taratibu, hakuna aliyeumia. Yule mjamzito alikuwa ameingia wodini kwa miguu, amemwegemea mkunga, akisimama kila uchungu ulipomjia. Walioshuhudia walinisimulia bila kujua mimi ni mke wa nani.

Mume wangu alikuja na mwenye gereji, wamebeba jeki. Mwenye gereji akamvuta kando, karibu na niliposimama.

"Sikiliza, bwana. Sema spea ilikuwa feki. Nani atajua?"

Mume wangu akaitega jeki. Akaingia chini ya gari. Aliangalia ya kulia, mpya, bado inang'aa, na ya kushoto ikamtokea mkononi vipande. Akakaa huko chini muda mrefu. Nilikuwa naona viatu vyake tu, na havikutikisika.

Mkunga akatoka akijifuta mikono.

"Amejifungua?" nikamuuliza.

"Bado. Lakini anaendelea vizuri." Akainama. "Wewe, toka huko chini."

Akatoka, mafuta usoni, macho mekundu.

"Mama, nilibadilisha upande usio wenyewe."

Mwenye gereji akakohoa kwa nguvu.

"Sikio langu la kushoto limekufa," mume wangu akaendelea. "Kila mlio nausikia unatokea kulia. Nilijua. Niliona aibu kusema."

Heri angemfokea. Mkunga alimtazama tu kama anavyotazama mtoto mchanga asiyelia.

"Nilikwambia kushoto."

"Uliniambia, mama."

"Ukanifanya kichekesho."

Mume wangu akajifuta mafuta usoni.

"Haya," mkunga akasema. "Na magari mengine je? Uliyoyatengeneza tangu sikio limekufa?"

Mume wangu akaangalia chini. Na mimi nikaangalia chini, kana kwamba ni mimi niliyeulizwa.

Jumapili tukatoka pamoja kuyatafuta. Siku hizi hasikilizi, anashika. Ananyanyua gari kwa jeki, anatia mtaimbo chini ya tairi, anainua, huku kiganja chake kiko kwenye kifundo kuona kama kinacheza. Mimi nakaa kwenye usukani, mtoto nimempakata, nautikisa anaponiambia.

Kwanza tulikwenda kwa dereva wa teksi. Alikuwa anaosha gari lake mbele ya nyumba, majirani wamekaa vibarazani.

"Aa, Sikio! Leo umekuja na shemeji akusikilizie?"

Wakacheka. Mume wangu hakucheka.

"Gari lako nililitengeneza mimi. Naomba nilikague tena."

"Lina nini? Mbona halinisumbui?"

"Huenda halina kitu. Mimi ndiye niliyekuwa sisikii, nikakuficha."

Alilisema kwa sauti kubwa, maana siku hizi hajui kupima sauti yake, na vibaraza vyote vikanyamaza. Dereva akaiweka ndoo chini. Mume wangu akajilaza kwenye maji ya sabuni, akaingia chini ya gari.

Tulipotoka hapo tukaenda kwa mwingine, kisha kwa mwingine. Kila mlango maneno yale yale, na kila mara shingo yake ilijikunja kama ya mtu anayenyeshewa. Nilidhani kufika jioni angekuwa ameshazoea. Hakuzoea.