Manjano ya Bi Funguo

Jina la Bi Funguo alipewa na wanafunzi. Alikuwa msimamizi wa bweni la chuo, na funguo zilimning'inia kiunoni zikilia cheng cheng; kabla hujamwona ulishamsikia, na aliyekuwa na sigara alishaizima. Aliingia kazini akiwa msichana, akatoka na mvi. Muda wote huo alikaa chumba cha chini, kando ya stoo ya mashuka: kitanda cha chuo, kabati la chuo, pazia la chuo, na kuta za rangi ya maziwa kama bweni zima.

Alipostaafu akahamia kwake. Ilikuwa nyumba ndogo aliyoijenga haba na haba, ina sebule, jiko na chumba cha kulala, na kuta zake zilikuwa bado plasta tupu. Akamwita fundi wa rangi.

"Tupige rangi gani, mama?"

"Yoyote tu, baba. Mimi si mtu wa makuu."

"Yoyote haiuzwi dukani," fundi akasema, akaketi juu ya ndoo yake kungoja.

Bi Funguo akatazama ukuta, akatazama sakafu. Mdogo wake, karani wa ofisini aliyekwisha pamba nyumba mbili na kujiona bingwa, akamwokoa. "Rangi ya maziwa, dada. Haichoshi macho, wala hakuna mgeni atakayeisema. Na mapazia ya kijivu, kitambaa kizito, yaburuzike mpaka chini." Bi Funguo akaitikia. Kazi ikafanyika, ikapendeza, na kila aliyeingia akasifu.

Yeye tu ndiye aliyekosa raha. Asubuhi alijikuta amepiga magoti na kitambaa kibichi, anasugua doa ambalo halipo. Chai aliinywa wima. Jioni alizunguka kukagua madirisha, kana kwamba kuna watoto wa watu wamelala humo. Akajiambia ni ugeni, utapita.

Haukupita. Jirani alibisha hodi jioni moja, amemletea papai. Bi Funguo akafungua mlango kidogo, akamwangalia juu mpaka chini, akasema, "Muda wa wageni umekwisha."

Jirani akacheka mpaka papai likataka kumponyoka. Bi Funguo naye akacheka, akamkaribisha, wakala pamoja. Lakini jirani alipoondoka, alikaa akizitazama zile kuta. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Yeye alikuwa amefungua, ameingia, na ndani amekuta ni kule kule kazini.

Kesho yake akaenda duka la vitambaa bila kumwambia mtu. Muuzaji akamshushia jora moja baada ya jingine, huku akiuliza. "Dirisha linaelekea wapi, mama?"

"Linapata jua la jioni."

"Unataka kulizuia?"

Hilo hakuwa amewahi kuulizwa. Akafikiri. "Hapana. Liingie."

"Basi achana na vizito." Muuzaji akatandaza pamba nyepesi, nyeupe, yenye mistari ya rangi ya damu ya mzee. Bi Funguo akaishika, akaiinua kwenye mwanga, akaona vidole vyake upande wa pili.

"Hiki," akasema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe.

Fundi aliporudi aliukuna ukuta kwa ukucha. "Mama, hii rangi hata mwaka haijamaliza."

"Najua. Sebule naitaka manjano."

Fundi akapiga kipande kando ya dirisha. Mbichi ilikuwa kali, kama kiini cha yai kilichomwagwa. Bi Funguo nusura aseme waache, warudishe maziwa. "Ongeza nyeupe," akasema. Fundi akaongeza. "Kidogo tena." Mwishowe akamnyang'anya mti wa kukorogea, akakoroga mwenyewe, akipaka ukutani na kurudi nyuma kutazama, mpaka ilipofika pale alipopataka: manjano ya ndizi iliyoiva bila madoa. Kanga yake ikalowa rangi, hakujali.

Mdogo wake alikuja mkono wa pili wa rangi ukiwa umekauka. Akasimama mlangoni, mkoba mkononi.

"Dada. Umri huu?"

"Umri gani?"

"Hii rangi inapiga kelele."

"Basi kalia kiti kile, kimeipa mgongo."

Mdogo mtu akakaa, amenuna. Lakini mkono uliozoea kazi hautulii: haukupita muda akavuta ile pamba, akaipima kwa mkono, akaomba sindano. "Nikunje wapi? Mpaka chini?"

"Yaishie dirishani. Anayefagia ni mimi."

Wakashona pamoja, mmoja huku, mwingine kule, wakisengenya ndugu zao kwa upole. Walipoyatundika, jua likapenya, mistari ikalala sakafuni myekundu. Mdogo wake akatazama, akasema tu kwamba pindo la kushoto limepanda kidogo. Kweli lilikuwa limepanda. Wakaliacha hivyo hivyo.

"Na chumba cha kulala?" akauliza, huku akiyakunja yale ya kijivu apeleke kwake.

"Bado nafikiri."

Alifikiri mpaka mvua zikaja zikaisha. Kisha akakipiga samawati, na dirishani hakuweka pazia la kitambaa bali la shanga za mbao, lililomfanya jirani akune kichwa. Mwenyewe alilipenda.