Aliyeshika Shuka Siku ya Picha

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kwenye kivuko cha Pangani, mbuzi wetu aligoma kupanda. Alikita miguu topeni, macho yamemtoka, na watu ndani ya pantoni wanapiga kelele, "Mchinjeni hapo hapo twende zetu!" Mjomba akavuta kamba, mbuzi akalala chini. Mkaidi kuliko mjomba mwenyewe, na mjomba, Mungu amrehemu, aliwahi kununiana na mkewe Ramadhani nzima kwa sababu ya uji. Hayo tuyaache. Aliyemaliza kazi ni ndugu yangu Bakari. Alishuka, akambeba mbuzi mabegani, akapanda naye. Kizito chochote cha nyumbani kwetu kilipita mgongoni mwa Bakari.

Nikwambie Bakari ni nani. Mama yake alikuwa mke wa mkata mkonge, watu wa bara, jirani zetu. Alifariki akimzaa. Mama yangu alikuwa ananinyonyesha mimi, akamchukua yule mchanga, akampa titi la pili. Baba yake hakuwa na wa kumlelea, akatuachia. Kwa dini yetu huyo ni ndugu: mama yako ni mama yake, dada yako hawezi kuolewa naye. Ila harithi. Na hilo la kurithi ndilo lililotumaliza.

Baba akaugua. Alilala pale nyumbani kwetu Ngamiani mpaka akabaki mifupa, na Bakari ndiye aliyemgeuza na kumwosha. Siku moja Baba akasema anataka picha moja na watoto wake wote kabla hajaondoka. Zamani hizo picha haikuwa kitu cha kidoleni. Shangazi, dada yake Baba, akaleta mpiga picha, kijana mcheshi mno kwa nyumba yenye mgonjwa. Alitukuta tumejipanga chumbani, dirisha mgongoni.

"Mkikaa hivyo mtatoka makaa," akasema. "Mwanga uwe usoni, si kisogoni."

Neno hilo lishike. Ndani ya nyumba, dirisha alipe mgongo mpigaji, si wapigwaji. Lakini chumba chetu kilikuwa chembamba, hapakuwa na pa kurudi nyuma, tukahamia uani. Bakari alimbeba Baba mikononi, akamweka kitini.

Huko nje saa saba. Jua la utosini humchimba mtu mashimo machoni, wote wakafinya nyuso. Ukikosa kivuli, mwanangu, ngoja alasiri. Sisi hatukuwa na alasiri ya kungojea, Baba alikuwa anatweta. Tukapangwa: wazee vitini, warefu nyuma, watoto mbele, bega kwa bega. Mpiga picha akaomba mtu wa kushika shuka juu, Baba apate kivuli. Bakari alikuwa amesimama nyuma ya kiti.

"Wewe, toka hapo ushike shuka," Shangazi akamwambia.

"Nishike nikishapigwa, Shangazi?"

Akamsogelea, akashusha sauti. "Hii picha ya warithi. Kesho watu wataitazama wajue watoto wa marehemu ni nani. Maziwa hayarithi."

Alisema marehemu, na Baba yuko kitini anapumua. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

"Wifi!" Mama akajipiga kifuani. "Huyu kanyonya hapa! Mirathi mtagawana mkishazika. Undugu mtaugawaje?"

"Jamani, jua!" mpiga picha akalia. "Mzee anaungua!"

Bakari akalichukua shuka, akaliinua juu ya kichwa cha Baba, yeye mwenyewe nje ya picha. Wanasema mchumia juani hulia kivulini. Yeye alisimama juani, kivuli wakala wengine.

"Mzee, cheka kidogo, huu si msiba!" mpiga picha akatania.

Hakuna aliyecheka. Picha ikapigwa.

Baba, masikio yake yalishachoka, hakuyasikia ya Shangazi. Akageuza shingo taratibu. "Bakari, mbona uko huko? Hujapigwa, mwanangu."

"Nakuja, Baba."

Akalikunja shuka, akaliweka kwenye magoti ya Baba, akavaa kandambili, akatoka kwa mlango wa mbele. Tulidhani anakwenda kunawa uso. Mpiga picha akangoja na kamera yake mkononi, Baba akangoja. Hakurudi. Wala mazikoni hakuja. Tuliuliza Muheza, Pangani, tukapanda hadi Amani. Hakuna aliyemwona.

Picha ilitoka nzuri, hakuna aliyefumba macho. Baba aliipitishia kidole uso kwa uso, akaanza upya, kisha akasema, "Igeuzeni ukutani." Alikufa akitazama mgongo wa picha.

Basi sikia, mwanangu. Mwanga na mpangilio utajifunza, hata mimi wa darasa la tatu nilijifunza. Lakini kabla hujabofya, tazama nje ya picha: nani kashika mtoto wa mtu, nani yuko jikoni, nani ameambiwa asogee. Mwite kwa jina lake, aingie, kisha ndipo upige. Na wewe mpigaji usibaki nje. Simu zenu hizi hupiga picha zenyewe, iegemeze kwenye dumu muingie wote. Ya mirathi yana kadhi wake, usiyalete mbele ya kamera.

Mungu akupe watoto, wa tumbo na wa kifua, na ukiwaita siku ya picha, kila aliyesema "nakuja" aje.