Diski ya Baba Akinywa Uji

Mama yangu haamini neno lolote linalotoka kwa watoto wake. Hakuzaliwa hivyo. Zamani ungemwambia jua limetokea magharibi, naye angekuuliza tu kama gari la maziwa limeshapita. Siku hizi ukimwambia chai iko mezani, atakipapasa kikombe kwanza, atakinusa, kisha ndipo akushukuru. Presha ya macho ilimnyang'anya kuona, na hilo pekee lingetosha kumfanya mtu awe mwangalifu. Lakini si macho yaliyomfanya atushuku.

Baba alipokuwa amelazwa Nakuru mjini, mama alikuwa akimpikia uji wa wimbi kila asubuhi kule kwetu Dundori. Aliupika kwa kunusa na kusikiliza, akautia kwenye thamosi, na mimi na kaka yangu tukaupeleka. Asubuhi moja tulifika wodini tukakuta kitanda kimetandikwa. Shangazi yetu, dada yake baba anayeishi Bahati, alikuwa ameshafika, na alisema kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angesema: mjane haambiwi akiwa peke yake. Anaambiwa nyumba ikiwa imejaa, wazee wameketi, mchungaji yupo, na dada zake wameketi kulia na kushoto kwake ili wamshike. Dada zake mama walikuwa mbali na walihitaji muda wa kusafiri. Basi tukarudi Dundori na thamosi. Mama akaipokea, akaitikisa karibu na sikio, akasikia ni tupu.

"Amekunywa?"

"Amekunywa yote," kaka akasema.

Kesho yake akapika mwingine, na tukaupeleka.

Mimi hadi leo nasema hatukukosea. Ndivyo inavyofanywa, na siku yangu ikifika nataka nifanyiwe vivyo hivyo. Mama hakuona hivyo. Sebule ilipojaa watu, na mchungaji akakohoa akitafuta pa kuanzia, mama alimkatiza. Hakulia. Aliuliza tu, "Kwa hivyo huo uji wangu mlimwaga wapi?" Hakuna aliyemjibu, kwa sababu wakati huo huo dada zake walipiga kelele za kilio, na swali likafunikwa hapo.

Muda ukapita. Mama akaanza kulalamika kwamba sauti ya baba inampotea. "Uso wake ninao," alisema. "Uso niliuweka kabla macho hayajaenda. Lakini sauti naitafuta naikosa." Hilo ndilo alilokuwa akitaka duniani, kumsikia mume wake mara moja tu, na kwa bahati lilikuwepo. Kaka alikuwa amemrekodi baba kwa simu kabla hajaanza kuugua, akiwa ameketi mlangoni pa jikoni na kikombe chake cha uji. Simu yenyewe iliibwa mjini. Ila kabla haijaibwa, kaka alikuwa ameipeleka video hiyo kwenye duka moja wakamchomea kwenye diski, akijua nyumbani kwa mama kuna deki ya DVD ambayo baba aliinunua ili atazame kwaya. Kwa hiyo baba alikuwa amebaki mahali pamoja tu, kwenye diski nyembamba iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, "Mzee".

Tuliiweka Jumapili baada ya kanisa. Mama alivaa kitambaa chake kizuri cha kichwa, akavuta kiti mpaka magoti yakagusa meza ya televisheni. Kaka akabonyeza, na baba akatokea. Kofia yake, koti lake lililoisha viwiko, mbwa miguuni pake, vyote vilikuwepo. Midomo ilikuwa ikicheza lakini hakuna kilichosikika. Chini ya picha mstari wa Kiingereza ulipita ukisema sauti ya aina hiyo haikubaliki, ukapotea.

"Mmeweka?" mama akauliza.

"Imeanza, Mami. Baba huyu hapa."

"Mbona kimya?"

Kaka akapandisha sauti hadi mwisho. Spika zikavuma tu. Kwa mtu asiyeona, diski ile haikuwa na kitu. Angeweza vilevile kuwekwa mbele ya kabati.

"Haya, anafanya nini?" mama akauliza, na nilisikia jinsi swali lilivyotegwa. Kaka yangu ni mtu mwema, lakini hafikiri kabla ya kufungua mdomo.

"Anakunywa uji," akasema.

Mama akasimama. "Hata siku ile alikuwa anakunywa," alisema, akashika ukuta, akaufuata mpaka nje.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, kwa hiyo sikumlaumu. Nilimgeukia kaka. Nilitazama video ile tena na tena bila sauti, na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyozidi kumshuku. Kaka alikuwa ametuambia kwamba baba alikuwa akimsema mbwa. Mbwa gani anasemwa muda wote huo? Tena kuna mahali baba aliinua fimbo akaielekeza kwenye simu yenyewe, kwa kaka, na kuongea kwa kirefu. Nilijua wawili hao walikuwa wamegombana kuhusu miti ya mpakani ambayo kaka aliikata bila kuuliza. Nikajiambia, baba anamkaripia hapa, labda anamlaani, na huyu bwana ameing'oa sauti ili mama asiisikie.

Nilimwambia hivyo. Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi, kisha akasema tatizo ni duka, twende.

Jamaa wa dukani alikuwa na kofia iliyomfunika nyusi, na hakutazama mtu akiongea. Aliitia diski kwenye kompyuta, akanipa visikizio, nikamsikia baba. Nilisikia kukohoa kwake na neno moja au mawili, kisha jamaa akavichukua visikizio kwa sababu nyuma yetu watu walikuwa wamepanga foleni.

"Si umeskia? Iko sawa," alisema.

"Mbona kwa nyumba haiongei?" nikauliza.

"Boss, hii si DVD ile ya kawaida. Ni mafaili tu yamewekwa kwa diski. Deki ingine inakubali picha inakataa sauti, ingine inakataa yote. Niachie mpaka kesho nikubadilishie."

Nimwachie! Baba yangu alale dukani kwa mtu ambaye sijaona macho yake? Nikamwambia anirudishie diski yangu, na nikaikagua pande zote mbili mbele yake nihakikishe ni ile ile.

"Sasa unashuku hata fundi?" kaka akaniuliza tulipotoka.

"Nakushuku hata wewe," nikamwambia.

Mama nilimweleza ukweli, kwamba sauti ipo na nimeisikia kwa masikio yangu.

"Umeiskilia wapi?"

"Dukani."

"Sauti inatoka kwa duka, lakini kwa nyumba ya mwenyewe haitoki? Hiyo ni sauti ya duka."

"Basi twende nikupeleke uisikie, Mami."

"Niwekewe vitu kwa masikio na watu wakipita? Huyo anaweza kuwa mtu yeyote. Siku hizi si wanaiga hata sauti za wakubwa?" Kisha akauliza, "Shangazi yako bado ako na ile deki yake ya zamani?"

"Anayo."

"Twende huko. Si yeye alianzisha."

Sikupenda jinsi alivyosema. Tangu mazishi mama hakuwa amekanyaga Bahati. Lakini aliiomba diski, akaivingirisha kwenye kitambaa, akaitia kwenye mkoba wake, na mkoba huo hakuniachia hata tuliposhuka kwenye matatu na kupanda njia ya kuelekea kwa shangazi. Kaka alitufuata nyuma, amenuna.

Shangazi alitupokea kwa vigelegele vilivyoisha mapema alipoiona sura ya mama. Akaleta chai. Mama hakukigusa kikombe. "Chai baadaye," alisema, na kwetu hilo si neno dogo. Akaomba apelekwe ilipo deki. Aliipapasa vitufe na mahali pa kuingizia diski, akaamuru ifunguliwe, akaiweka diski kwa mkono wake mwenyewe ili isipite kwa mtu mwingine yeyote. Deki ikaguna. Kioo cha televisheni kikaonyesha orodha, kaka akabonyeza, na kioo kikawa cheusi. Safari hii mstari wa Kiingereza ulisema ni picha iliyokataliwa.

Nilikata tamaa. "Mami, hapa tena haku..."

Mama akainua mkono. "Msiniambie kitu."

Kuku wakalia. Wakalia ndani ya deki, kuku wa Dundori. Kisha mtu akakohoa, na shangazi akafunika mdomo kwa leso.

"Toka hapa wewe, si umekula?" sauti ya baba ikasema. Kweli alikuwa akimsema mbwa.

Sisi watatu wenye macho tulikodolea kioo cheusi. Aliyekuwa akiona ni mama. "Amekaa kwa mlango wa jikoni," akasema polepole. "Anausukuma na kisigino." Mimi, kwa tabia yangu, nikafikiri huyu sasa anabuni, mtu akitaka sana hujisikizisha mambo. Hapo hapo mlango ukalia, ule mlio wa bawaba ambayo baba aliahidi kuitia mafuta mpaka akafa.

Kisha pakaja mahali pale pa fimbo. Nilipajua kwa sababu nilikuwa nimepatazama sana. Nikamgeukia kaka nimwone uso.

"Na wewe weka hiyo simu chini," baba akasema. "Kuja ukunywe uji ikiwa moto. Mama yako ameamka mapema juu yetu, na wewe unacheza na simu. Kuja, kijana yangu. Hiyo mambo ya miti imeisha."

Kaka alikuwa akitazama sakafu. Nilisogeza kiti changu karibu na chake.

Ndipo baba akanywa. Alivuta uji kwa mvuto mrefu wenye kelele, ule ambao mama alimgombeza kwa ajili yake maisha yao yote ya ndoa, hata mbele ya wageni. Kikombe kikagonga saruji.

"Rudisha," mama akasema.

Kaka akarudisha, na baba akavuta uji tena.

"Hapo," mama akasema, ameshika mkoba kwa mikono yote miwili. "Hapo amekunywa. Hiyo naamini." Akageuza uso upande alikokuwa shangazi, sawasawa kabisa, kana kwamba anamwona. "Na ule mwingine? Ule wa thamosi, mlimwaga wapi?"

Shangazi aliteremsha leso. "Hatukumwaga, mama. Nani angemwaga uji wa mtu kama huo? Tulikaa na hawa watoto wako kwa benchi ya nje, tukaunywa. Siku zote mbili. Tulikuwa tunalia tukiunywa."

Kuku wakaendelea kulia ndani ya deki.

"Sukari ilitosha?" mama akauliza.

Alikuwa ananiuliza mimi.

"Ilitosha, Mami," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akanyoosha mkono wake, na shangazi akampa chai.