Mama Alipoonana na Daktari kwa Simu

Ujumbe wa kliniki uliingia kwenye simu yangu Jumatatu, na miadi ilikuwa Alhamisi saa nane mchana. Mgonjwa akae penye mwanga wa kutosha. Simu isimamishwe isitikisike. Dawa zote ziwe karibu, nguo iwe ya kufunguka mbele, na iandikwe tatizo lilianza lini. Nilimsomea mama akiwa amelala ubavu wa kulia. Wa kushoto ulikuwa haulaliki tena.

Kidonda kilikuwa kwenye titi. Nilikuwa nimekijua kwa wiki tatu tu, tangu siku niliponusa harufu chumbani mwake nikainua godoro nikidhani kuna panya aliyekufa, kumbe ni kidonda chake. Daktari wa hapa Lamu alipomwona alitaka aende Mombasa siku hiyo hiyo. Mama akakataa. Aliletwa mtaani kwetu Langoni kutoka kisiwa cha Pate akiwa bi arusi, na tangu hapo hakuvuka maji ila kwenda kuzika. Ndipo daktari akamtafutia bingwa wa huko Mombasa wa kuonana naye kwa video. Mama alikubali kwa sharti moja, bingwa awe mwanamke.

Nyumba yetu ni ya kale, ya kuta nene, na vyumba vyake huwa na kiza hata adhuhuri. Nilizunguka na simu nikipiga picha mkono wangu mwenyewe, nione ni wapi ngozi inaonekana ngozi. Darini palikuwa na mwanga na mtandao mzuri, lakini mama hakuziweza ngazi. Palibaki kiwandani, ule uwanja mdogo wa ndani, ambako majirani wakipanda juu ya nyumba zao hutuona tunavyoosha vyombo. Jumatano alasiri nikafunga kamba ukutani hadi ukutani, nikatoa leso sandukuni nizitundike. Nyingi zilikuwa zile mama alizogawiwa kwenye arusi yangu, hazijavaliwa.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda akinitazama. Nilipomaliza nikachukua karatasi, nikaandika kwamba kidonda kilianza wiki tatu zilizopita. Akaniuliza nimeandika nini, nami nikamsomea.

Akauweka mkono wake juu ya karatasi.

"Futa hapo, mwanangu," akasema. "Usimwambie daktari urongo kwa ajili yangu."

"Niandike lini?"

"Kabla ya arusi yako."

Akanieleza huku akitazama chini. Aliuhisi uvimbe akioga, mdogo kama kokwa ya tende, wiki ile watu walipokuja kuleta posa. Alichelea arusi isije ikaahirishwa, na wakwe wasije wakasema ni maradhi ya ukoo. Akaona asubiri ipite. Ilipopita, akaona anipe muda nitulie kwa mume. Kisha nikarudi nyumbani na talaka kabla ya mwaka kutimia, akaona si wakati wa kunitwika jambo jingine.

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Nilifuta nikaandika upya, na kalamu ikatoboa karatasi.

Alhamisi nilimwogesha, nikambadilisha kitambaa, nikamvisha kanzu ya vifungo. Aliomba udi. Nikamwambia daktari hatasikia harufu yoyote kupitia simu. Akasema anajua, udi ni wake yeye mwenyewe. Kisha akanipa kichupa cha wanja, akaniita karibu nimpake machoni.

"Ndoo unitie matoni. Siendi kwa mtu na uso wa maiti."

Saa nane na robo simu ikalia. Daktari alikuwa msichana wa umri wangu. Alimwamkia mama shikamoo, mama akaitika marahaba, kisha akamuuliza kama yuko peke yake. Daktari hakucheka. Aliizungusha kamera yake polepole, akatuonyesha chumba kizima na mlango uliofungwa. Hapo mama akaanza kufungua vifungo.

Simu nilikuwa nimeisimamisha juu ya stuli, lakini ilibidi niishike niisogeze karibu. Picha ikakwama mara mbili, na mara mbili mama akabaki kifua wazi akingoja, macho ameyaelekeza ukutani.

"Nimeona, mama. Unaweza kujifunika," daktari akasema. Akauliza kilianza lini. Nilipoichukua karatasi nisome, mama akajibu mwenyewe, bila kutaja arusi. Alisema tu ni zaidi ya mwaka na nusu. Daktari akainama akaandika kwa muda.

"Kitapona?" mama akauliza.

"Kupona sitakuahidi, mama. Maumivu na hiyo harufu tunaweza kuvipunguza, ukija."

Nilidhani atakataa tena. Akamshukuru kwa kutomficha, akaniambia nitafute nafasi kwenye basi.

Jumamosi tukavuka hadi Mokowe, tukapanda basi la Mombasa. Tulikaa huko miezi miwili. Harufu iliondoka kabisa, na maumivu yakapungua kiasi cha kumruhusu kulala. Tukarudi, na mwezi wa Rajabu akafariki chumbani mwake, akazikwa siku ile ile baada ya alasiri.

Majirani hunipa pole wakisema nilimhudumia vizuri, nami huitikia amina. Miezi ile yote niliyorudi nyumbani nilikuwa nikimlilia habari za mume aliyeniacha. Alikuwa akinisikiliza ameketi upande, na sikuwahi kumuuliza kwa nini haketi sawa.